Nimepunguza gramu 350 kwenye kibebeo cha mtoto, mbona mbebaji anaumia zaidi?

MsukaMikanda (#1)
Wakuu habari. Naomba mawazo maana hili jambo limenikosesha usingizi wiki mbili sasa.

Mi nashona mabegi ya mgongoni, ndo kazi yangu. Tulipopata mtoto nkashona kibebeo cha mbele mwenyewe. Toleo la kwanza lilikuwa gramu 780: mkanda mpana wa kiunoni wenye sponji ngumu, mikanda ya mabega ya sentimita 8 yenye sponji nene, kitambaa cha pamba kizito kile cha suruali za kazi. Mke wangu alikitumia vizuri tu ila analalamika kizito, kinajaza begi, kina joto. Nkasema sawa, tushone chepesi. Toleo la pili ni nailoni nyembamba ile ya mahema, mikanda ya mabega sentimita 4 bila sponji, kiunoni mkanda mtupu, klipu ndogo. Nimekiweka kwenye mizani, gramu 430. Nilifurahi sana siku hiyo.

Sasa anaumia ZAIDI. Kwa uzito uleule niliouondoa nilitegemea apate nafuu, imekuwa kinyume. Inakuwaje uzito unapungua karibu nusu maumivu yanaongezeka? Wenye utaalamu na wenye watoto karibuni.

Mzani (#2)
Kabla hatujafika mbali mkuu, mtoto mwenyewe ulimpima?

MsukaMikanda (#3)
@Mzani toleo la kwanza tulianza nalo akiwa na kilo 5.9, sasa ana miezi mitano na ana 7.1.

Mzani (#4)
Hahaha basi mkuu we umetoa gramu 350, mwenzio kaongeza 1,200. Mtoto ndo mzigo, kibebeo ni ganda tu. Hata ukikishona kwa hewa, kilo saba ni kilo saba. Kesi imefungwa.

MamaPacha2 (#5)
Haijafungwa hata kidogo. Mi nina pacha, walikuwa wanapishana gramu kama mia tu, na nilikuwa na vibebeo viwili tofauti tulivyopewa zawadi. Mtoto yuleyule nikimweka kwenye kile cha kwanza natembea saa nzima, nikimweka kwenye kile cha pili dakika 15 shingo inawaka moto. Kilichokuwa kinaniumiza kilikuwa na mikanda myembamba, inakata begani kama kamba ya ndoo. Sa mtoa mada we umetoka sentimita 8 umeenda 4 na sponji umetoa, bado unauliza?

InjiniaMtaani (#6)
Jamani wote mnaangalia mizani, hebu angalieni rula.

Chukulia ile bembea ya ubao wanayokaa watoto wawili. Huku amekaa mtoto, huku kuna misuli ya mgongo inavuta ili mama asiinamie mbele. Shida ni kwamba mtoto amekaa mbali na misuli imekaa karibu mno, kama sentimita 5 tu nyuma ya kiini cha uti wa mgongo. Tuseme katikati ya uzito wa mtoto ni sentimita 20 kutoka kwenye uti wa mgongo. 7.1 mara 20 gawa kwa 5, unapata kilo 28 na kitu. Hiyo ndo nguvu ambayo misuli inavuta muda wote mama amesimama, na uzito wa mtoto mwenyewe bado upo palepale.

Sasa kitambaa kikilegea mtoto akasogea mbele sentimita MOJA, inakuwa 21, misuli inavuta karibu kilo 30. Umeongeza kilo 1.4. Na zile gramu 350 ulizotoa, kwa hesabu hiyohiyo, zilikuwa zinaidai misuli kilo 1.4. Yaani sentimita moja ya kulegea imekula kazi yako yote ya wiki nzima. Mtoto akiinama mbele sentimita tatu uko kwenye hasara kubwa.

Kwa hiyo swali langu kwako: mtoto akikaa kwenye hicho kipya, kuna pengo kati ya kifua chake na cha mama? Pima kwa rula usikadirie.

BabaMrefu (#7)
Injinia umeeleza vizuri ila mnasahau kiuno. Mi ni mrefu, mgongo wangu mbovu toka zamani, na bila mkanda mgumu wa kiunoni simbebi mtu. Ule mkanda unabeba asilimia 80 ya mzigo, mabega yanashikilia tu mtoto asianguke nyuma. Mtoa mada kaweka mkanda mtupu kiunoni, hapo mzigo wote umepanda mabegani.

InjiniaMtaani (#8)
@BabaMrefu nakubali kiuno ni muhimu ila hiyo 80 ni ya matangazo. Walipopima kwa vifaa kwenye mabegi ya mgongoni yenye fremu na mkanda wa kiunoni, sehemu ya chini ya mgongo ilibeba karibu asilimia 30 ya nguvu ya kushuka chini, zilizobaki zilikuwa juu. Na hayo ni mabegi yenye fremu ya kupitisha mzigo. Kibebeo cha kitambaa kitupu hakina fremu, mzigo unashukaje kiunoni?

BabaMrefu (#9)
Sijapima mkuu, nasema ninachosikia mwilini. Nikifungua klipu ya kiunoni natembea hatua kumi nasikia tofauti yote mabegani. Ile 30 ni begi, begi halina miguu iliyokaa kuzunguka kiuno changu. Mtoto anakalia ule mkanda kabisa.

Mzani (#10)
Hapo BabaMrefu ana hoja, mtoto anakalia.

NyuziNne (#11)
Mtoa mada mi pia ni fundi cherehani, nina maswali ya kifundi. Hiyo nailoni ulikata kwa kufuata uzi wa kitambaa au mshazari? Na mikanda ni nailoni au poliesta?

MsukaMikanda (#12)
@NyuziNne paneli ya mwili nilikata mshazari ili ikumbatie makalio ya mtoto bila kuweka mapenseli (ile mikunjo ya kushonwa ya kutengenezea umbo) mengi. Mikanda nailoni, ndo niliyokuwa nayo kwenye roli.

NyuziNne (#13)
Basi hapo ndo penyewe. Kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika, ndo maana kinakumbatia vizuri asubuhi halafu baada ya saa moja kimekuwa mfuko. Na nailoni inavutika kuliko poliesta, tena inanyonya unyevu, ikilowa jasho inavutika zaidi. Kifuani kwa mama na mtoto jasho halikosekani. Kile cha pamba kizito kilikuwa kinakaa palepale ulipokifunga. Ukitaka wepesi bila kulegea kata kwa kufuata uzi, weka poliesta kwenye mikanda, na umbo la makalio lipate kwa mapenseli mawili pale chini. Mapenseli hayana uzito mkuu usiyaogope.

Afu angalia na zile klipu ndogo, mkanda mwembamba laini unateleza kidogokidogo kwenye klipu bila wewe kuona. Weka alama ya kalamu kwenye mkanda pale unapoingia kwenye klipu, rudi baada ya saa moja uone alama imehamia wapi.

Mnyoosha_Viungo (#14)
Habari zenu. Mi ni mfiziotherapia. Post kumi na tatu zimepita hamna hata mmoja aliyeuliza anaumia WAPI. Maumivu ya mgongo wa chini, ya bega na ya kifundo cha mkono ni vitu vitatu tofauti kabisa, na kila kimoja kina dizaini yake ya kukitibu. Mtoa mada tafadhali muulize mkeo akuoneshe kwa kidole.

MsukaMikanda (#15)
@Mnyoosha_Viungo nimemuuliza sasa hivi. Kaonesha sehemu mbili: juu ya bega la kushoto kuelekea shingoni, na kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Mgongo wa chini anasema uko vilevile kama zamani.

Mnyoosha_Viungo (#16)
Ahsante. Basi hesabu ya Injinia ni sahihi ila inaeleza maumivu ambayo huyu mama hasemi yameongezeka.

Bega kwenda shingoni: hapo naungana na @MamaPacha2, mkanda mwembamba uliokaa juu karibu na shingo unakandamiza msuli uleule unaoinua bega. Upana unasaidia, lakini mkanda ukae wapi inasaidia zaidi. Mikanda ikipishana mgongoni kama X inavutwa kuelekea katikati ya mgongo, watu wengine inawafaa, wenye mabega yanayoshuka inawasogelea shingo.

Kifundo upande wa gumba: hii naiona sana kwa wanaolea watoto wachanga. Kano mbili zinazoinua kidole gumba zinapita kwenye kijifereji pale kifundoni, zikisuguliwa sana zinavimba. Daktari mmoja Mswisi, de Quervain, alieleza hali hii mwaka 1895 na bado inaitwa kwa jina lake. Inatokana na kumnyanyua mtoto kwapani huku gumba limetanuka kama herufi L, mara kwa mara kila siku. Kumbuka pia mwili baada ya kujifungua bado una maji mengi na viungo havijarudi sawa. Kwa hiyo kifundo kinaumia wakati wa KUMWEKA na KUMTOA. Je, kumuingiza kwenye kipya ni kugumu kuliko cha zamani?

MsukaMikanda (#17)
Aisee. Ndio. Cha zamani paneli ilikuwa inasimama yenyewe, anamweka mtoto anafunga. Hiki kipya kitambaa kinaanguka, inabidi amshike mtoto kwa mkono mmoja hewani huku mwingine unatafuta paneli ilipo, na zile klipu ndogo zinataka ubonyeze kwa nguvu ya gumba. Sikuwahi kuliwaza hilo hata siku moja.

MamaPacha2 (#18)
Na anafanya hivyo mara ngapi kwa siku? Mi nilikuwa natoa na kuingiza hata mara kumi na mbili. Wadizaini wote wangetakiwa wafunge klipu zao mkono mmoja na usingizi wa saa tatu.

BibiNasra (#19)
Wanangu nawasoma tu. Mi nimebeba watano kwa mbeleko na wajukuu juu. Mbeleko haina klipu, haina sponji, uzito wake ni kama hakuna, na sikuumia bega kwa sababu haikai begani kama kamba, imetandazwa mgongo mzima na kifua kizima. Kijana wewe umetoa uzito lakini na upana umetoa. Upana ndio uliokuwa unabeba. Rudisha upana uuache uzito ulikoenda, kitambaa chepesi kinaweza kuwa kipana.

MsukaMikanda (#20)
@BibiNasra shikamoo bibi. Hilo la kutandaza nalichukua kama lilivyo.

BibiNasra (#21)
Marahaba mwanangu. Na mgongoni ni karibu zaidi kuliko mbele, huoni tumbo wala kifua kinamsukuma mtoto mbali.

MkungaWaUsiku (#22)
Bibi yuko sahihi, ila naongeza kwa wasomaji wenye watoto wachanga sana: mgongoni humuoni. Mpaka shingo yake ikaze abebwe mbele, juu, uso uonekane, kidevu kisizame kifuani. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba na laini, kichwa kikikunjika inabana bila hata sauti. Mwezi wa tatu 2010 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vibebeo vya kuning'iniza mfano wa mfuko, walikuwa na taarifa za vifo visivyopungua 14 katika miaka 20, na 12 kati ya hivyo ni watoto wa chini ya miezi minne. Vingi ni namna hiyo, mtoto amekunjika ndani ya kitambaa, au pua imebanwa kifuani kwa mzazi.

Ndo maana wepesi unanitia hofu kidogo mtoa mada. Kile kitambaa kilichosimama chenyewe kilikuwa kinashikilia mgongo wa mtoto. Kinacholegea kinamwacha ajikunje. Kipimo changu ni vidole viwili chini ya kidevu, na uwe unaweza kumbusu utosini bila kuinama. Na miguu ikae kama M, magoti juu kuliko makalio, paja lishikiliwe mpaka karibu na goti, kwa ajili ya nyonga.

Sijui_Kwanini (#23)
Mbona mnarudi kwenye mbeleko, hivi vibebeo vyenye mikanda wamebuni wenzetu kwa sababu mbeleko ilishindwa.

NyuziNne (#24)
@Sijui_Kwanini hapana ndugu. Snugli, moja ya vibebeo laini vya mikanda vilivyopata soko kubwa Marekani, ilibuniwa na Ann Moore. Alikuwa nesi wa kujitolea Togo miaka ya 60, akawaona akina mama wamebeba watoto mgongoni kwa kitambaa na watoto wametulia. Aliporudi kwao akajaribu kumfunga mwanae, akawa anateleza, akamwomba mama yake mzazi amshonee kitu chenye mikanda. Hati ya uvumbuzi ni ya 1969. Yaani kilichoongezwa ni mikanda kwa mtu ambaye hakuzoea kufunga.

Sijui_Kwanini (#25)
Sawa nimepata kitu, ahsante.

DadaWaPili (#26)
Samahani natoka nje kidogo. Mi kinachoniua ni kile kiti cha gari chenye mpini, unakining'iniza kwenye mkono uliokunjwa. Changu kitupu ni kilo 4.5, mtoto kilo 7. Kuna namna ya kukipunguza uzito?

InjiniaMtaani (#27)
@DadaWaPili usikate chochote humo tafadhali. Lile ganda na ile foma nyeupe ndani ndo vinavyomeza mshtuko gari likigonga. Uzito ule una kazi.

Ila hesabu yako inatisha. Kuna fomula ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ya mwaka 1991 ya kunyanyua mizigo kazini. Kikomo ni kilo 23 mzigo ukiwa sentimita 25 kutoka mwilini, na kinashuka kadiri unavyousogeza mbali. Ukiwa sentimita 50 kinabaki 11.5. Wewe 4.5 na 7 ni 11.5 kamili, na unapokitoa garini umenyoosha mikono na umejipinda.

Mnyoosha_Viungo (#28)
Nirekebishe kidogo hapo. Fomula hiyo ni ya kunyanyua kwa mikono miwili, mzigo uliotulia. Haikutengenezwa kwa mkono mmoja wala kwa kitu kinachorusha miguu. Kwa hiyo hali ya DadaWaPili ni mbaya kuliko hiyo namba. Dada, kiti kiache garini, mtoe mtoto umbebe mwilini. Ikibidi kukibeba, kikumbatie mbele kwa mikono miwili.

DadaWaPili (#29)
Akiwa amelala je? Nikimtoa anaamka.

MamaPacha2 (#30)
Hapo ndo watengenezaji wanatupatia, wanajua hatutaki aamke 😂

Mzani (#31)
Tukirudi kwenye mada, nimesoma kuna utafiti wa Wall-Scheffler na wenzake 2007, kumbeba mtoto mikononi kunamaliza nguvu asilimia 16 zaidi ya kumbeba kwenye kitambaa. Kwa hiyo chochote atakachoshona ni afadhali kuliko mikono.

InjiniaMtaani (#32)
Utafiti ule ulipima nguvu za mwili wakati wa kutembea, na walichobeba ni mwanasesere mwenye uzito wa mtoto. Hauongelei bega linauma wapi. Unaweza kutumia nguvu kidogo na bega likakatika vilevile.

BabaMrefu (#33)
Na mwanasesere halii hataki kunyonya.

Mnyoosha_Viungo (#34)
@BabaMrefu nawe usikaze sana huo mkanda wa kiunoni unaousifia. Ukikaa chini ya mfupa wa nyonga unaweza kubana neva inayopita hapo, ukapata ganzi na kuwaka nje ya paja. Ukae juu ya mfupa.

BabaMrefu (#35)
Kumbe ile ganzi... nilidhani ni kukaa sana. Ahsante sana.

MsukaMikanda (#36)
Wakuu nina taarifa. Nimefanya mlivyosema.

Pengo kifuani (@InjiniaMtaani): cha zamani sentimita 2 mwanzo, 2 baada ya saa moja. Kipya 2 mwanzo, 5 baada ya saa moja. Alama za kalamu (@NyuziNne): mkanda wa kushoto umeteleza sentimita 2 na nusu, wa kulia nusu sentimita. Klipu ya kushoto imechakaa meno, ilitoka kwenye begi la zamani. Kwa hiyo bega la kushoto lina maelezo.

Lakini mke wangu kasoma uzi wote akasema kitu ambacho hamna aliyekitaja. Kile cha zamani alikuwa anakivua kila baada ya nusu saa kwa sababu ya joto. Hiki kipya hakisikii mwilini, anakivaa saa tatu mfululizo, anafanya kazi zote nacho. Anasema labda hakiumizi zaidi kwa dakika, ila dakika zimekuwa nyingi.

Mzani (#37)
Shemeji kamaliza mchezo.

InjiniaMtaani (#38)
Hajamaliza, kaongeza kitu kingine. Sentimita 3 za pengo kwa saa tatu. Vyote viwili vipo, na mtoto naye kaongezeka. Ili ujue nani mkosaji inabidi uvitenganishe: funga mfuko wa mchanga wa kilo 7, vaa cha zamani saa moja, siku nyingine kipya saa moja, muda uleule wa siku.

MkungaWaUsiku (#39)
Mfuko wa mchanga naunga mkono. Na hiyo klipu iliyochakaa itoe LEO, asibebwe mtoto nayo tena hata kwenda mlangoni.

MsukaMikanda (#40)
@MkungaWaUsiku nimeshaitoa, nimekata na mkanda wake. Kibebeo kimelala mezani.

MamaPacha2 (#41)
Mchanga utakaa kimya chini kama jiwe. Mtoto anajipinda, anasukuma kwa miguu kulia, anaangalia taa. Hamtapata jibu la bega kwa mchanga. Na kifundo mchanga hautakwambia chochote, labda umwekee na kumtoa huyo mchanga mara kumi na mbili.

NyuziNne (#42)
Toleo la tatu ungelifanyaje mkuu?

MsukaMikanda (#43)
Ninachofikiria: mikanda ya mabega irudi sentimita 8, ila iwe kitambaa chepesi kilichotandazwa na sponji ya milimita 5 badala ya 15. Paneli ikatwe kwa kufuata uzi, ukingo wa juu niupitishie fito nyembamba ya plastiki ili isimame yenyewe wakati wa kumweka. Klipu kubwa mpya za kufunga kwa kiganja. Mikanda poliesta. Kiunoni bado sijaamua. Nakisia gramu 520 hadi 560.

BabaMrefu (#44)
Kiunoni weka kigumu, usikwepe. Gramu 60 tu hizo.

Mnyoosha_Viungo (#45)
Mgongo wa chini hakulalamika na mkanda mtupu. Usimtibu BabaMrefu kwenye mwili wa mwingine. Ila shona vitanzi ili mkanda uweze kubadilishwa, baba naye atabeba.

BibiNasra (#46)
Mwanangu hiyo fito iwe juu isimguse shingo mtoto. Afu kuna jambo. Mkeo akimtoa mtoto kwenye hicho kibebeo, anampakata upande gani?

MsukaMikanda (#47)
Kushoto bibi. Mkono wa kulia ndo anafanyia kazi.

BibiNasra (#48)
Na bega linalouma ni la kushoto.

InjiniaMtaani (#49)
Duh. Lakini klipu iliyoteleza nayo ni ya kushoto.

MsukaMikanda (#50)
Nimemwambia ampakate kulia wiki hii nikiwa nashona. Kapakata dakika mbili karudisha kushoto bila kujua. Nitarudi na vipimo vya mchanga Jumamosi.